Mapipa Mawili Yaliyonyamaza

Bunia, tarehe 8 septembre 2024

Landry, mutoto wangu,

Nakusalimia sana, na nyumba yote inakusalimia. Hapa mutaa wetu wa Mudzipela tuko wazima. Mvua imerudi, vumbi imelala, na njia ya kushuka sokoni imekuwa matope tena. Binti yangu Clarisse aliolewa Mahagi, iko na watoto watatu. Mudogo wake Vicky, mwenye ulimuacha angali anabeba mufuko wa shule, sasa ni mwalimu wa mwaka wa pili wa primaire, katika darasa lile lile nililofundisha miye miaka trente-deux, thelathini na miwili. Nyumbani tuko wanne: miye, Vicky, na mutoto mukubwa wa Clarisse mwenye anasoma hapa.

Sasa nikuambie namna nilivyojua kama unaishi. Abbé Aaron, padri wa parokia yetu, anasoma Lyon, Ufaransa. Alipokuja congé ya kupumuzika alinipitia hapa. Alisema siku moja walimutuma kusomea misa kijiji fulani cha huko, na wakati wa Baba Yetu alisikia mutu nyuma ya kanisa anaisali kwa Swahili, peke yake, kwa sauti ya chini. Kisha misa akamufuata inje. Akamuuliza anatoka wapi, kijana akajibu: Marabo, kijiji chenu. Akamuuliza jina la jamaa. Kijana alingoja sana mbele ya kulisema.

Miaka kumi na moja, Landry. Tulishakuombea misa ya wafu mara mbili.

Abbé alitaka kunipa namba yako ya telefone. Nilikataa. Kwa telefone watu wanasema "niko muzuri", unité inaisha, na hakuna mutu anajua kitu. Miye nilifundisha watoto kuandika barua maisha yangu yote. Uniandikie. Abbé atakupa hii mukononi, na yako atanitumia na wasafiri wenye kupitia Entebbe. Sina haraka. Mutu mwenye alingoja miaka kumi na moja anaweza kungoja miezi.

Sikuulizi juu ya nini ulinyamaza. Nauliza tu: unakula nini, unalala wapi, na unafanya kazi gani?

Shangazi yako,
Monique


Clos Vernoise, tarehe 20 octobre 2024

Shangazi Monique,

Shikamoo, na unisalimie Vicky na Clarisse na watoto wenye siwajui. Barua yako Abbé aliniletea mwezi uliopita. Niliisoma nikiwa nimesimama, kisha nikaiweka mufukoni, na mufuko huo nilitembea nao wakati wote wa mavuno. Ndiyo maana jibu limekawia, na karatasi hii nayo imepata alama ya zabibu. Unisamehe hayo kwanza. Makosa mengine sijui namna ya kuyaombea.

Niko muzima. Ninalala kwa chumba kimoja juu ya zizi la farasi. Ninakula vizuri, mukate mingi, na nilishazoea. Kazi yangu ni ya shamba. Nilifikiri nikuandikie "shamba" na nikomee hapo, lakini Abbé atakuambia tu: ni shamba ya mizabibu. Wanafanya divai.

Hii mahali ni ya zamani sana. Juu ya mulango wa ghala kuna jiwe lenye limechongwa 1741. Ilikuwa ya watawa, na kisha watawa ikawa ya jamaa moja mpaka leo. Mwenyewe ni mwanamuke muzee, Madame Odette, ana miaka soixante-treize, sabini na mitatu, na hana mutoto. Siye wafanyakazi tuko watatu tu, na wawili wanarudi kwao kila magaribi.

Majirani wako na mashini, iko dawa ya kuua majani, iko chachu ya pakiti ya kuamusha divai. Madame hapana. Tunalima na farasi, juu trakta inakandamiza udongo. Tunachuma na mukono. Zabibu nyekundu tunakanyaga na miguu, nyeupe tunakamua na mashini ya mbao yenye babu yake alinunua. Kisha maji ya zabibu inaingia kwa mapipa ya zamani chini ya udongo, na hakuna kitu tunaongeza. Hapana sukari, hapana chachu. Inachemka yenyewe, wakati inataka. Madame alisema siku yangu ya kwanza: "Hapa hatufanyi divai. Tunaingoja."

Kitu moja nikuambie. Mapipa ya nyeupe inaongea. Ukiweka sikio juu ya tundu unasikia, sawa mvua ndogo juu ya majani. Kila asubui ninapita kuyasikiliza, moja moja, na ninaandika yenye inaongea kwa nguvu na yenye inaongea kidogo. Madame anasema sikio yangu na pua yangu ni nzuri kupita yake. Ananiuliza nilijifunza wapi. Ninamujibu: hakuna mahali.

Usiogope kwa ajili yangu. Ninaonja, ninatema. Tangu nilitoka kwetu sijameza hata tone.

Uniandikie habari za Bunia, za wote. Ila ya Marabo usiniulize.

Mutoto wako,
Landry


Bunia, tarehe 28 novembre 2024

Landry mutoto wangu,

Barua yako ilifika na sista mumoja, na alama ya zabibu ilikuwa pale kweli. Tuliisoma kisha chakula, na tukaisoma tena siku iliyofuata. Tulicheka kusikia unalala juu ya farasi. Vicky anauliza kama haimusumbui farasi.

Tarehe mbili ya mwezi huu tulienda makaburini kama kila mwaka, tukalima majani, tukaweka maua kwa kaburi la mume wangu. Watu walikuwa wengi. Bei ya mihogo imepanda, juu barabara ya Kpandroma haipitiki vizuri, lakini hatulali njaa. Nyumba ya jirani, Mama Joëlle, iliangukiwa na muti wakati wa upepo, hakuna mutu aliumia. Magoti yangu yananiuma wakati wa baridi. Ni uzee tu.

Sasa nina maulizo juu ya kazi yako. Usishangae. Mutu akiwa na pension iko na muda wa kufikiri.

Ile nyekundu, mukisha kuikanyaga, munaiacha siku ngapi na maganda yake? Na munaifunika na nini? Munakanyaga mara moja ao munarudilia? Tena, munaosha mapipa na maji ya moto ao ya baridi, na kama pipa moja linaharibika, munalijua kwa harufu ao kwa ulimi? Na kubwa ya yote: kama hamuweki kitu cha kuamusha, hata unga kidogo wa mutama ya kukaanga, munafanya nini siku inakataa kuchemka? Kuna siku itakataa. Haikose.

Nauliza tu.

Ulisema hujameza tone. Hiyo ilipendeza moyo hapa. Hata hivyo, mutu akisikia kama mikono yako inajua kazi, hiyo pia inapendeza.

Ulinde kifua chako na baridi.

Shangazi Monique


Clos Vernoise, tarehe 12 janvier 2025

Shangazi,

Heri ya mwaka mupya kwako na kwa nyumba yote. Pole na magoti. Hapa theluji ilianguka siku mbili, kisha ikawa maji. Noeli nilisali kule kijijini, Madame alinipa soksi za sufu zenye alifuma mwenyewe, na nikakula naye, siye wawili tu na meza kubwa katikati. Haongei mingi. Miye pia haba.

Maulizo yako nilimusomea. Alifurahi sana. Alisema: mwambie shangazi yako kwamba nyekundu tunaiacha siku kumi na zaidi, tunaifunika na mbao na nguo safi, tunairudilia asubui na magaribi juu maganda inapanda na haifai ikauke. Mapipa tunaosha na maji ya moto, kisha baridi. Kuharibika, pua inajua mbele ya ulimi.

Na ile kubwa ya yote, ni kama uliiona mbele. Imekataa. Kati ya mapipa ya nyeupe, mawili yalinyamaza kisha Noeli. Bado matamu, bado kazi haijaisha, na hakuna sauti. Niliweka sikio asubui ya kwanza nikafikiri ni masikio yangu. Siku ya pili nilimuita Madame. Majirani walimushauri anunue chachu ya pakiti. Alikataa. Kama yatakufa, yatakufa. Lakini nilimuona amekaa pale juu ya kiti kidogo, mukono juu ya pipa, muda murefu.

Ana daftari kubwa, Shangazi. Baba yake aliianza. Kila muzabibu wenye umekufa, wanaandika: mustari gani, wa ngapi, mwaka gani, umekufa na nini. Kisha, hawanunue mwingine. Wanachukua tawi la jirani yake, wanaliinamisha, wanalizika mahali pale pale mwenye kufa alisimama, mpaka lishike mizizi. Kunapita miaka miwili mitatu ndipo wanalikata kwa mama yake. Madame anaweza kutembea na kusema: hapa palikuwa moja, baridi iliuua mwaka 1956, na huyu ndiyo wa pili tangu pale. Ninapomusikia, ninatoka inje.

Sasa niseme yenye imenileta kwa meza. Weye Shangazi haujatengeneza pombe hata siku moja. Nakumbuka ulikuwa mbele ya wale wamama wa parokia wenye walimwaga pombe ya watu na kuvunja mitungi. Mutu mwenye anajua unga wa mutama ya kukaanga, mwenye anajua kwamba kuna siku inakataa, huyo amesimama miaka mingi juu ya mutumbwi wa kukamulia pombe ya ndizi. Na tena barua yako ya kwanza uliandika "tuko wanne", ukataja watatu. Niliona siku ile ile, nikajifanya sikuona.

Ni nani anakuuliza hayo maulizo?

Kama ni yeye, umwambie hivi kwa kinywa changu. Siku ile ya Marabo watu wote walikuwa wanakimbia, Mama alikuwa na homa na hawezi kusimama, na nilienda kumutafuta mara mbili kule kibandani mwake. Alikuwa amelala karibu na mutumbwi. Nilimuvuta mukono, akanisukuma. Nilimupakia Mama juu ya kinga, ile baiskeli yetu, peke yangu. Kwa ile pua na ile sikio yenye watu wananisifia hapa, simushukuru.

Usinidanganye, Shangazi. Nimekuomba kitu kimoja tu.

Landry


Bunia, tarehe 23 février 2025

Landry,

Salamu za nyumba yote zinatangulia. Leo sitaandika habari ya mihogo.

Ni yeye. Kaka yangu Alphonse, baba yako, anaishi hapa tangu miaka sita. Sikukuandikia juu niliogopa ungekata tena kamba. Nilifanya vibaya, na mwalimu akikosea anafuta, kwa hiyo nafuta.

Baada ya vita ya Marabo, watu walisema amekufa. Hakufa. Walimupiga, wakamuacha. Alikaa kwa watu Komanda, kisha Nizi kwa wachimba zahabu, anatengeneza pombe na kuikunywa. Siku moja pale Nizi alianguka, upande wake wa kuume ukafa: mukono, muguu, nusu ya kinywa. Walimuleta hapa juu ya moto, pikipiki ya kukodi, wakamufunga na kamba kwa dereva kusudi asianguke. Tangu siku ile hajaonja. Mwanzoni juu hakuweza kushika kikombe. Kisha aliweza, na hakutaka.

Barua yako ya kwanza nilimusomea. Siku iliyofuata aliniambia nisome tena pale pa mapipa yanayoongea. Maulizo yote yalikuwa yake. Nilimuuliza mbona haniambii nimutaje. Alisema: "Aliomba usimuulize ya Marabo. Miye ndiyo Marabo."

Ile ya mwezi wa kwanza pia nilimusomea yote. Nilitaka kuruka mahali, akatambua kwa sauti yangu, akapiga kiti na fimbo. Nilisoma mpaka mwisho. Kisha nikachukua karatasi nikuandikie, na nikaandika kwamba siku ile alikuwa mugonjwa, kwamba homa ilikuwa imeingia nyumba yenu yote. Ni miye niliyewaza hivyo, nilitaka kulainisha. Alipoomba nimusomee alisema: "Futa. Andika hivi: Nilikuwa nimelewa. Nilimusikia mama yako Claudine ananiita. Nilisikia vizuri, na sikuamka. Usiongeze kitu."

Sikuongeza.

Kuhusu yale mapipa, amesema hivi. Baridi ndiyo imeyalaza. Mutafute pipa lenye bado linaongea, hata kama ni kidogo sana. Muchote kwake, muweke ndani ya lenye limenyamaza, kidogo kidogo, siku kwa siku, si yote mara moja. Na mulivalishe. Siye huku tungelivalisha majani ya ndizi. Nyinyi mutajua mutalivalisha na nini. Pombe hailazimishwe, lakini inaweza kuitwa na mwenzake.

Hayo yalikuwa ya kaka yangu. Haya ni yangu, yeye hajui nayaandika.

Kila tarehe mbili ya novembre anakuja na siye makaburini. Hana mutu pale. Anatembea polepole kati ya makaburi ya wengine, anasimama kwa moja, anasimama kwa lingine, kisha anarudi kukaa karibu na mulango mpaka tumalize. Tulijua tu kwamba Claudine alikufa njiani kati ya Marabo na Bunia. Wenye walikuona walisema ulikuwa unasukuma kinga, kisha walisema ulikuwa unatembea bila kinga. Haukupita kwangu. Ulishuka moja kwa moja Kasenyi, ukavuka ziwa. Hakuna mutu anajua mahali, ila weye.

Alphonse hajaniambia nikuulize. Hatasema hata siku moja kama ana haki. Miye nauliza.

Ulimuzika wapi?

Monique


Bunia, tarehe 1 juin 2025

Landry,

Abbé Aaron anasema alikupa barua mwezi wa tatu, mukononi mwako. Basi ilifika.

Tuko wazima. Vicky aliugua malaria, amepona. Kaka yangu hajaniuliza kama ulijibu. Kila mara gari linasimama inje anageuza kichwa, kisha anakigeuza tena.

Sikuandikii kukuharakisha. Naandika kusudi ujue kwamba mulango hatujaufunga.

Monique


Clos Vernoise, tarehe 29 juin 2025

Shangazi,

Nakusalimia. Nafurahi Vicky amepona. Barua zako mbili ziko hapa mbele yangu.

Nilianza kukujibu mara nyingi. Ninaandika tarehe, ninaandika "Shangazi", kisha ninashuka kufanya kazi. Mwezi wa tatu tulikata matawi, wa ine tulifunga. Wakati wa kuzika yale matawi ya kujaza mahali pa wafu, Madame alinipa daftari niandike miye, juu macho yake imechoka. Niliandika mistari miwili, kisha nikaweka kalamu chini. Aliniuliza nini. Nilimwambia: nina mutu wangu mumoja mwenye sikuandika mahali.

Hakuniuliza zaidi. Alichukua kalamu, akaendelea mwenyewe, na macho yale yale.

Mbele ya hiyo, nikuambie ya mapipa. Nilimusomea Madame maneno ya Papa, kila neno. Alisema babu yake alifanya hivyo miaka ya baridi kubwa, na yeye alikuwa ameisahau ao hakuwa na moyo. Pipa moja kule kwenye kona lilikuwa bado linaongea kidogo. Juma ya Pasaka tulichota kwake, lita moja kwa siku, tukavalisha yale mawili na blanketi za farasi. Siku ya sita moja lilianza. Nilimuita, akaweka sikio, hakusikia, akaniamini. La pili halikuamka. Mpaka leo limenyamaza. Tutalifanya siki.

Nilipoona lile moja limeamka, nilikasirika. Nikuambie ukweli. Nilikasirika kwamba alijua.

Na kitu kingine nilikuficha. Nilikuandikia niko muzuri. Sina karatasi za kukaa huku. Walinikatalia mara mbili. Madame anajaribu mara ya tatu na avoka, mwanasheria wake. Wakinipa, bado nitakawia kuja, na wakikataa, sijui. Siwezi kukuja kuwaonyesha mahali na kidole. Kwa hiyo naandika vizuri, na mwenye kwenda aende na hii karatasi.

Papa, haya ninakuandikia weye.

Tulitoka Marabo asubui. Mama alikuwa juu ya kinga, nilimufunga na kitenge chake cha kijani kwa mugongo wangu wakati wa kushuka, na wakati wa kupanda nilisukuma. Tulilala kwa kanisa moja ya watu wengi. Siku ya pili alianza kuongea maneno yenye sikuelewa, kisha akaacha. Tulikuwa bado hatujafika mutoni Shari. Kuna mahali njia inageuka kwa kushoto na kushuka, na juu yake upande wa kuume kuna kilima kidogo cha mawe meupe. Pale palikuwa mikaratusi mitatu, moja ilikuwa imepigwa na radi, imepasuka katikati. Ukisimama kwenye ile ya radi na kugeuza mugongo kwa barabara, tembea hatua vingt, ishirini. Watu wawili wenye walikuwa wanakimbia walisimama wakanikopesha jembe. Sijui majina yao. Tulimulaza na kichwa upande wa Marabo, juu ni kwao. Kinga niliwaachia. Nilibeba mawe peke yangu, nikayapanga kumuzunguka, onze, kumi na moja. Niliyahesabu kusudi nikumbuke.

Sikupita kwa Shangazi juu angeniuliza iko wapi, na ningemwambia, na angekwambia. Sikutaka ujue. Nilitaka kitu kimoja ya Mama chenye weye hauna.

Kama nimekusamehe, sijui. Usiniulize sasa. Alikuita mpaka kwenye barabara, na hiyo ninaisikia bado. Lakini mahali si pangu peke yangu. Alikuwa muke wako mbele ya kuwa mama yangu.

Kama mawe hayako tena, musiniambie.

Landry


Bunia, tarehe 24 août 2025

Landry mutoto wangu,

Nakusalimia, na nakuambia mara moja kusudi usisome na woga: mawe yako.

Karatasi yako ilifika tarehe saba. Nilimusomea kaka yangu peke yake, mulango umefungwa. Alipenda nimusomee ile ya hatua vingt mara tatu. Kisha akaomba nguo yake ya misa.

Haikuwezekana kuondoka siku ile. Barabara ilikuwa na habari mbaya, tukangoja juma moja. Kila asubui alivaa ile nguo na kukaa mbele ya nyumba. Siku ya tarehe kumi na tano, kisha misa ya Bikira Maria, Fiacre, mujukuu wa Mama Joëlle mwenye iko na taxi-moto, alisema inapitika. Alimupakia Alphonse, na miye nikafuata juu ya moto ya rafiki yake. Niliomba rosari njia yote na macho yamefungwa.

Tulipita daraja la Shari, na mbele kidogo tukaona njia inageuka. Mikaratusi haiko. Waliikata yote kwa makala. Alphonse alisema tumushushe. Alitembea na fimbo kando ya barabara, anaangalia chini, mpaka akapata kisiki kimoja chenye kimepasuka katikati, cheusi ndani. Alisimama pale, akageuza mugongo kwa barabara, akaanza kuhesabu. Hatua zake si hatua zako, muguu mumoja unaburuta. Alifika vingt akakuta maharagwe. Shamba ya mutu, imelimwa vizuri.

Mwanamuke alikuwa anapalilia. Jina lake Kahindo, alitoka Beni na watoto wake miaka saba sasa, juu ya vita vyao vya kule. Alituuliza tunatafuta nini. Alphonse alisema kwa kile kinywa chake cha nusu: "Tunatafuta mawe onze."

Yule mama aliweka jembe chini. Alituongoza mbele kidogo, hatua kama kumi na tano zingine. Katikati ya maharagwe kulikuwa mahali hapajalimwa, padogo, na mawe yamezunguka. Majani yake yalikuwa yamekatwa mafupi. Alisema: "Tulipofika hapa tuliona mawe yamepangwa na mikono ya mutu. Tulisema huyu ni mutu wa watu, hatuwezi kupanda juu yake. Tangu pale ninapalilia kumuzunguka, na yeye anabaki." Alituuliza jina. Nilimwambia Claudine. Alilirudilia polepole, ni kama kusalimia.

Kaka yangu hakuweza kupiga magoti. Fiacre alitaka kumusaidia, akakataa. Aliachia fimbo, akajiangusha kwa upande wenye kufa, akabaki amelala pale, kifua juu ya udongo, mukono muzima juu ya jiwe. Siye tulisogea mbali. Alikuwa anaongea, siwezi kukuambia nini, sikusikia na sikutaka kusikia. Aliongea muda murefu kwa mutu mwenye haongei nyumbani. Kahindo alituletea mahindi ya kuchoma, tukakula tumesimama, na jua likaanza kugeuka.

Tulipomuinua alikuwa na udongo kwenye shavu. Hakupenda nimupanguse.

Alimuuliza Kahindo kama anaweza kurudi. Yule mama alijibu kwamba njia ni ya watu wote, na kama atakuja mwezi wa kupanda, atamuachia mahali pa kukaa. Abbé wa hapa parokiani ametupatia musalaba wa mbao. Vicky ameandika jina na mwaka kwa rangi nyeupe. Tarehe mbili ya novembre tutaupeleka.

Siku iliyofuata nilichukua karatasi nikamuuliza anataka nikuandikie nini. Aligeuza fimbo yake mukononi mpaka wino ikakauka kwenye kalamu. Nilimushauri: niandike kwamba unaomba musamaha? Alitingisha kichwa: hapana. Niandike kwamba umeshukuru? Vilevile.

Kisha akasema: "Mwandikie kwamba nimemukuta."

Nilingoja labda kuna mengine. Aliniambia hiyo tu inatosha, mengine ni yake kukuambia siku karatasi zako zitatoka, kama atakuwa angali. Na kama hatakuwa, aliongeza, weye sasa unajua kwamba na yeye anajua mahali. Alipenda akikufa tumulaze pale karibu na Claudine, kama yule mama atakubali.

Nilimuuliza Kahindo jana sokoni, alipokuja kuuza maharagwe. Amekubali.

Monique